Chanzo na Zao: Historia ya Mahali pa Kuweka Faili Zilizokompailiwa na Swali la Kumbukumbu katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya swali ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi: nani huamua mahali ambapo mazingira ya programu huweka faili yanazozalisha kutokana na msimbo wa chanzo? Historia hiyo inasomwa sambamba na ile ya hati za forodha katika vituo vya Busia na Malaba. Inadaiwa kwamba kabla ya sheria kuamuru faili ikae nchi gani, yapasa kwanza ijulikane kama faili hiyo yaweza kuzalishwa upya. Aidha, inaonyeshwa kuwa kitenzi kuhifadhi, kama kinavyotumika sasa, kinauficha ubainifu huo.

Utangulizi

Lori linalotoka Mombasa kwenda Kampala huingia Uganda kwa njia mbili kuu: Busia, mji wenye jina moja pande zote mbili za mpaka, au Malaba, ambapo upande wa Uganda umo katika Wilaya ya Tororo. Hati inayomruhusu dereva kupita haiandikwi pale anapoionyesha. Imekwisha kuzalishwa na mfumo wa kompyuta kutokana na maelezo aliyoyaingiza wakala wa forodha, na imewekwa katika seva iliyo mbali na mpaka. Ofisa aliye kizuizini huisoma tu. Hana uwezo wa kuiandika upya wala kuihamisha.

Mwanaprogramu anaifahamu hali hiyo kwa sura nyingine. Anachoandika ni msimbo wa chanzo, yaani maagizo yanayosomeka na binadamu. Mashine inahitaji umbo jingine la maagizo hayohayo, nalo huzalishwa na programu maalumu iitwayo kompaila. Hivyo panakuwa na faili mbili: chanzo na zao. Chanzo kina mwenyewe, na mahali pake panajulikana. Zao halikuandikwa na mtu. Limezuka kazi ikiendelea. Likae wapi, na kwa ruhusa ya nani?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa jepesi mno: likae hapohapo lilipozuka, kando ya chanzo chake. Historia inayofuata ni ya jinsi jibu hilo lilivyoshindwa kila lilipokutana na mpaka wa aina yoyote ile.

Neno kabla ya jambo

Istilahi yenyewe ina historia inayostahili kutazamwa. Mwaka 1952 Grace Hopper, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, alikamilisha programu aliyoiita A-0 kwa ajili ya mashine ya UNIVAC I. Programu hiyo ilichukua orodha ya namba, ikaitafutia kila namba kijiprogramu chake katika utepe wa sumaku, kisha ikavipanga vijiprogramu hivyo pamoja. Ilikuwa kazi ya kukusanya hasa, kama mtunga kamusi akusanyavyo vidahizo, na ndiyo maana neno la Kiingereza lililochaguliwa lilikuwa la kukusanya. Mwaka 1957 ilipotoka FORTRAN, iliyotengenezwa na kundi la John Backus katika kampuni ya IBM, kazi ilikuwa imebadilika. FORTRAN ilisoma kanuni zilizoandikwa kwa namna inayokaribia ya hisabati, ikazifasiri kuwa maagizo ya mashine. Jina, hata hivyo, halikubadilika.

Kwa hiyo mwanaistilahi wa Kiswahili anayependekeza mkusanyaji anafuata asili ya neno, na yule anayependekeza kifasiri anafuata kazi yenyewe. Wajerumani, kwa mfano, hutumia pia neno lao lenye maana ya mfasiri. Makala hii inatumia kompaila na kukompaili, kwa kuwa ndiyo maneno yanayosikika katika vyumba vya mafunzo, na kwa kuwa mjadala huo si kiini chake. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba istilahi zote hizo zinataja kitendo. Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya jina la kile kinachobaki baada ya kitendo, na zao linatumika hapa kwa sababu hiyo.

Upungufu huo una chimbuko lake. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulikuwa hatua kubwa katika kuipa kompyuta lugha ya Kiswahili. Lakini programu za ofisini humwonyesha mtumiaji faili, ukurasa na chapa. Hazimwonyeshi karakana ya nyuma. Msamiati wa karakana uliachwa kwa Kiingereza, na watunga sera waliokuja kuuhitaji baadaye hawakuukuta.

Kutoka sanduku la kadi hadi saraka

Enzi ya FORTRAN ya kwanza, swali la mahali lilijibiwa na maumbile. Chanzo kilikuwa fungu la kadi zenye matundu. Zao nalo laweza kutoka kama fungu jingine la kadi. Aliyetaka kutenganisha mafungu hayo alitumia masanduku mawili. Mahali palikuwa rafu, na mwenye ufunguo wa chumba ndiye aliyekuwa na mamlaka.

Mfumo wa Unix, ulioanza katika maabara za Bell mwaka 1969, uliliingiza swali ndani ya diski. Zao la programu liliandikwa katika saraka ambamo mtumiaji alikuwa akifanyia kazi, na kama hakulipa jina, liliitwa a.out, kifupi cha maneno yenye maana ya tokeo la asembla. Jina hilo la dharura limeishi kupita mashine iliyolizaa. Mwaka 1976, katika maabara hizohizo, Stuart Feldman aliandika programu ya make, inayolinganisha wakati wa chanzo na wakati wa zao: chanzo kikiwa kipya zaidi, zao huzalishwa upya. Hapo ndipo uhusiano wa faili hizi mbili ulipowekewa kanuni, na kanuni yenyewe ilitegemea saa. (Kwa bahati njema saa ni miongoni mwa vitu ambavyo Busia ya Kenya na Busia ya Uganda hazitofautiani leo.)

Desturi ya kuweka zao kando ya chanzo ilifaa maadamu mtu mmoja alikuwa na mashine moja na haki zote. Ilianza kuvunjika pale mashine nyingi zilipochangia hazina moja ya faili kupitia mtandao. Watunzaji wa mifumo walitaka programu za pamoja ziwe za kusomwa tu, ili mtumiaji mmoja asiharibu kazi ya wengine. Kuanzia mwaka 1994 jamii ya Linux ilikuwa na mwongozo ulioandikwa kuhusu mgawanyo wa saraka: vitu vinavyoweza kuchangiwa na kusomwa tu vikae /usr, na vinavyobadilika kila siku vikae /var. Mgawanyo huo ni sheria ya mipaka, hata kama haukuitwa hivyo. Unasema ni nani aruhusiwe kuandika wapi. Na mazingira ya programu yaliyozoea kuandika zao popote palipo na chanzo yalijikuta yakibisha mlango wa saraka isiyofunguka.

Miaka kumi na sita ya Python

Mfano ulio wazi zaidi ni wa lugha ya Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum nchini Uholanzi. Programu ya Python inapoiita moduli, moduli hiyo hukompailiwa kwa umbo la kati, na zao huandikwa katika faili yenye kiambishi .pyc ili safari ijayo kazi isirudiwe. Kwa miaka mingi faili hiyo iliwekwa kando ya chanzo, bila mtumiaji kuulizwa. Pale ambapo hapakuwa na ruhusa ya kuandika, mfumo ulinyamaza tu, na kila mara ukaanza upya.

Januari 2003 Skip Montanaro aliwasilisha pendekezo rasmi, lililopewa namba 304, la kumkabidhi mtumiaji uamuzi huo. Alipendekeza kigeu cha mazingira, yaani jina ambalo mtumiaji hulipa thamani kabla programu haijaanza. Kigeu hicho kisipowekwa, mambo yaende kama zamani. Kikiwekwa tupu, zao lisiandikwe kabisa. Kikitaja saraka, mazao yote yapelekwe huko. Pendekezo halikupitishwa, hatimaye liliondolewa.

Yaliyofuata yalikuja vipandevipande. Mwaka 2008 toleo la 2.6 lilimruhusu mtumiaji kuzuia zao lisiandikwe, lakini si kuchagua pa kuliweka. Mwaka 2010 Barry Warsaw aliwasilisha pendekezo namba 3147, lililochochewa na shida ya wasambazaji wa Linux kama Debian na Ubuntu. Hao walitaka chanzo kimoja kitumiwe na matoleo kadhaa ya Python katika mashine moja. Kila toleo lilikuwa na zao lake, lakini jina la faili lilikuwa moja, kwa hiyo kila toleo lilifuta kazi ya mwenzake. Toleo la 3.2, lililotoka mwaka 2011, lilikata shauri: mazao yote yakae katika saraka ndogo ya __pycache__, kila moja likibeba katika jina lake alama ya toleo lililolizalisha. Chumba kikawa kimoja, na kila mwenye zao akatambulika.

Pendekezo hilo liliondoa pia tatizo la faili mzuka. Hapo awali mtu aliweza kufuta chanzo na zao likabaki. Programu ingeendelea kuliita na kulitumia, ingawa hakuna aliyeweza tena kusoma lilichokuwa likiagiza. Chini ya utaratibu mpya, zao lililomo katika __pycache__ halitumiki ikiwa chanzo chake hakipo.

Uhuru wa kuchagua mahali kwa ukamilifu ulipatikana Oktoba 2019, toleo la 3.8 lilipoleta kigeu cha PYTHONPYCACHEPREFIX. Mtumiaji hutaja saraka, na mazao yote hupangwa humo kwa mti wa saraka unaofanana na ule wa vyanzo. Tangu pendekezo la Montanaro ilikuwa imepita miaka 16 na miezi kadhaa. Ugumu haukuwa wa kuandika mistari ya msimbo. Ulikuwa wa kukubali kwamba mahali pa zao ni uamuzi wa anayeiendesha programu, wala si sifa ya chanzo.

Hati za forodha: historia sambamba

Mpaka wa Kenya na Uganda wenyewe ulihama kabla ya hati kuhama. Hadi mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilifika mbali ndani ya Kenya ya leo, na ni kwa uhamisho wa mwaka huo ambapo Wasamia na Wateso wa eneo la Busia na Tororo waliachwa pande mbili za mstari. Mwaka 1917 forodha za Kenya na Uganda ziliunganishwa. Ushuru wa bidhaa za ng'ambo ulitozwa pwani, na mapato yakagawiwa kwa kufuata nchi ambako bidhaa iliishia. Katika utaratibu huo tamko la forodha lilikuwa na mahali pamoja pa kukaa, na Malaba haikuwa na sababu ya kuwa na kabati la mafaili ya ushuru huo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na forodha yake, na safari moja ya lori ikazaa majalada mawili. Kompyuta zilipokuja hazikuondoa uradidi huo, ziliuimarisha. Kenya ilianza kutumia mfumo wa Simba mwaka 2005, uliotokana na ule wa Senegal. Uganda ilifuata ASYCUDA, mfumo wa shirika la UNCTAD la Umoja wa Mataifa, ambao toleo lake la ASYCUDA World limeandikwa kwa lugha ya Java. Mifumo hiyo miwili haikusomana. Wakala aliyeingiza maelezo ya shehena upande mmoja alilazimika kuyaingiza tena upande wa pili, neno kwa neno. Hilo ndilo lile tatizo la matoleo mawili ya Python yanayokompaili chanzo kimoja, isipokuwa hapa aliyekuwa akirudia kazi ni mtu, na foleni ya malori ndiyo iliyolipa gharama.

Suluhisho la kwanza lilikuwa la kupitisha ujumbe. Mfumo wa RADDEx, ulioanzia Malaba, ulituma maelezo ya tamko kutoka mamlaka moja ya mapato kwenda nyingine. Suluhisho la pili lilikwenda mbali zaidi. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2014, bidhaa ya kwenda Uganda hutamkwa katika mfumo wa Uganda ingali bandarini Mombasa, na maofisa wa Uganda wamewekwa hukohuko. Mahali pa kuandikia na mahali pa kuwekea vilitenganishwa kwa makusudi.

Suluhisho la tatu linaonekana kwa macho. Februari 2018 Rais Yoweri Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walifungua rasmi Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani cha Busia. Anayetoka Kenya havisimami vituo viwili; huvuka, kisha upande wa Uganda huhudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 kuhusu vituo hivyo humruhusu ofisa kutekeleza sheria za nchi yake akiwa katika eneo la udhibiti lililo kwenye ardhi ya jirani. Mhuri wa Kenya hupigwa kwenye udongo wa Uganda, na hubaki kuwa mhuri wa Kenya kwa sababu umebeba jina lake. Anayekumbuka saraka ya __pycache__ hatahitaji maelezo zaidi.

Faili mzuka nazo zilikuwapo. Malalamiko ya bidhaa zilizotamkwa kuwa za kupita tu, kisha zikauzwa njiani kabla ya kufika mpakani, ni ya muda mrefu katika Ushoroba wa Kaskazini: hati inasema shehena imekwenda, na shehena haikwenda. Mfumo wa kikanda wa kufuatilia mizigo kwa vifaa vya kielektroniki, ulioanzishwa mwaka 2017, una kazi hiyohiyo ya kuhakikisha kwamba zao halitembei bila chanzo.

Pale ulinganifu unapokoma

Ulinganifu huu una kikomo, na kikomo hicho ndicho chenye manufaa kwa mtunga sera. Faili ya .pyc ikipotea, hakuna kilichopotea; chanzo kipo, na zao litazalishwa tena kwa sekunde chache. Ruhusa ya forodha ikipotea, hakuna kompaila inayoweza kuirudisha, kwa kuwa ndani yake mna uamuzi wa ofisa fulani, katika saa fulani, juu ya shehena ambayo sasa imekwisha kugawanywa madukani Kampala. La kwanza ni zao linaloweza kutupwa. La pili ni ushahidi.

Sheria za eneo hili hazijatofautisha vya kutosha. Mwaka 2019 Kenya na Uganda, kila moja kwa wakati wake, zilipata sheria ya kulinda data binafsi. Kifungu cha 50 cha sheria ya Kenya kinampa waziri uwezo wa kuelekeza kwamba uchakataji wa aina fulani ufanyike kupitia seva au kituo cha data kilichomo Kenya tu, kwa sababu za maslahi ya kimkakati ya dola au za kulinda mapato. Sheria ya Uganda inaruhusu data kuchakatwa au kuwekwa nje ya nchi iwapo huko kuna ulinzi unaolingana na wake, au mhusika ameridhia. Kumbukumbu za mpakani zina majina ya madereva na namba za pasi zao, kwa hiyo hazimo nje ya mjadala huu. Lakini mfumo wowote unaohudumia kituo cha pamoja huzalisha, kila dakika, nakala za muda katika mashine za pande zote mbili, ili skrini ya ofisa isikwame. Amri ya mahali ikizihesabu nakala hizo kuwa sawa na kumbukumbu yenyewe, kituo cha pamoja hakiwezi kufanya kazi bila kuivunja. Ikiziacha zote bila kuzitaja, kumbukumbu halisi inaweza kupitishwa kwa jina la nakala ya muda.

Kwa mwanafunzi wa uhandisi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Busitema, au mwenzake wa Chuo Kikuu cha Alupe ng'ambo ya mpaka, jambo hili si la nadharia. Maabara yoyote ya pamoja yenye saraka za kusomwa tu itamfundisha siku ya kwanza kwamba kuna faili anazoruhusiwa kuziweka popote na kuzifuta apendavyo, na nyingine asizoweza kuzigusa. Anayatenda hayo kwa vidole. Kuyaeleza kwa Kiswahili, ndiko anakokwama.

Kikwazo kiko katika kitenzi kuhifadhi. Kina asili ya Kiarabu, na kiini chake ni kulinda: anayehifadhi Kurani ameitia moyoni isipotee, na hifadhi ya wanyama ni eneo lililokingwa. Kompyuta zilipokuja kitenzi hicho kilipewa kazi ya kila namna ya kuweka faili, iwe ni barua iliyokamilika, nakala ya dakika tano, au jalada la kudumu. Agizo lenye maneno data zihifadhiwe nchini linaweza kusomwa kwa maana zote tatu, na wanasheria wawili wa Busia, mmoja kila upande, wanaweza kulisoma tofauti bila yeyote kati yao kukosea sarufi. Lugha ina maneno mengine yanayongoja kazi: kuweka kwa kinachoweza kuzalishwa upya, kutunza kwa kumbukumbu isiyorudishika, na kuhifadhi kubaki kwa kitendo cha mtumiaji anayeandika faili yake. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ina mamlaka ya kikanda ya kulishughulikia suala hili, na mahali panapofaa kuanzia ni kanuni za uendeshaji za vituo vya pamoja vya mpakani, kwani huko ndiko maofisa wa nchi mbili hulazimika kuusoma mstari mmoja kwa maana moja.